Mbao za Bodi Usizitupe

Mgeni alikuwa amesimama langoni akisoma tangazo la kifo cha babu yangu, kiganja kimeziba mdomo.

Mwanzoni sikumjali. Kila lango la kijiji chetu lina karatasi kama hiyo, picha ya marehemu na mstari mweusi kuizunguka, na wapita njia husimama, husoma, hutikisa kichwa, kisha huenda zao. Ile yetu ilisema "Miaka miwili bila Genko", na niliibandika mwenyewe Jumatatu. Lakini mwanamke huyu hakwenda zake. Aliisoma, akairudia, kisha akaigusa picha kwa ncha ya kidole kana kwamba anamwamsha mtu usingizini.

Nilitoka gerejini nikiwa bado na msasa mkononi.

"Karibu, dada. Ulimfahamu?"

"Huyu ndiye Genko fundi? Genko wa ushirika?"

"Alikuwa babu yangu. Mimi ni Ralitsa."

"Miaka miwili," alisema, akageuka kutazama gari lililoegeshwa chini ya mplamu wa jirani. Lilikuwa na namba za Uturuki. Ndani yake mzee alikuwa amelala, kipaji cha uso kimeegemea kioo. "Nitamwambiaje baba? Tuko njiani tangu jana kutoka Bursa. Amembebea soksi za sufu."

Nikasema kile ambacho bibi yangu angesema: "Ingia basi, unywe hata maji."

Alijitambulisha kwa jina la Nazmiye. Alinifuata uani, akafika mlango wa gereji, akasimama ghafla.

"Hilo..." alisema. "Hilo bado lipo?"

Ndani, katikati ya gereji, lori la babu lilikuwa linang'aa. Ni lori la Kirusi la mwaka sitini na nane, pua ndefu, madigadi ya mviringo, bodi ya mbao nyuma. Ushirika ulipovunjwa, wenzake walichukua ng'ombe na mashine za kupandia. Babu akachukua lori lisilowaka, na kijiji kizima kikamcheka hadi anazikwa. Nilipomaliza uhandisi kule mjini Ruse, wenzangu walikwenda Ujerumani. Mimi nilirudi kwa lori. Nilikuwa nimeligusa kila skrubu. Siku mbili kabla ya mgeni huyu kuja nilikuwa nimepuliza rangi ya mwisho, kijani ambacho babu alikichanganya mwenyewe kabla hajafa, akikilinganisha na kipande kidogo kilichobaki safi kwenye dashibodi. Aliacha makopo mawili. Rangi ya yote mawili ilikuwa imekwishia kwenye lori, na namna ya kukichanganya alikufa nayo.

"Limepona," nilisema, na nakiri nilikuwa na fahari. "Jumamosi kamati ya magari ya kale inakuja kulikagua. Huja mara moja tu kwa mwaka. Wakikubali, linapewa namba, linaingia barabarani."

"Baba yangu aliliendesha miaka ishirini na moja," Nazmiye alisema. "Naomba nitazame chini."

"Chini ya wapi?"

Alivua koti, akalikunja, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji na sketi yake nzuri, akajilaza chali, akajisogeza chini ya bodi huku akimulika kwa simu. Nilibaki nikitazama viatu vyake. Nilidhani anatafuta namba ya chasisi. Mwanga wa simu ulikwenda mbele, ukarudi nyuma, ukaenda mbele tena. Kisha ukatulia.

"Mbao ziko wapi?" sauti ilitoka chini.

"Nimebadilisha zote. Msonobari mpya, umekaushwa vizuri..."

"Zile za zamani ziko wapi?"

Kuna maswali ambayo mwili huyajua kabla ya kichwa. Nilitazama kona ya gereji, pale lilipo jiko nililolitengeneza kwa pipa, na nadhani alitokeza uso kutoka chini ya lori wakati huohuo, kwa sababu aliniona ninakotazama.

"Hapana," alisema.

"Zilikuwa zimeoza, dada."

"Hapana. Hapana."

"Ilikuwa Januari. Gereji ilikuwa baridi, rangi haishiki kwenye baridi, nikaona..."

Alikaa sakafuni, nywele zimejaa vumbi, akanitazama kama mtu anayemtazama dereva baada ya ajali. "Hukuona maandishi? Yalikuwa makubwa. Yamechomwa kwa chuma cha moto."

Niliyaona. Nilikuwa nimeugeuza ule ubao wa katikati kabla ya kuupasua, nikaona herufi za Kilatini, si zetu za Kibulgaria, nyeusi, kila moja kama kiganja changu. ZARIFE. Nikadhani ni jina la kiwanda cha mbao. Nilimwambia hata jirani yangu, mjomba Mincho, "Tazama, zamani walikuwa wanapiga mihuri mizuri," naye akacheka, akasema choma tu, kiwanda chenyewe hakipo. Nikapasua. Nikachoma. Moto ulikuwa mzuri.

"Ni nini Zarife?" niliuliza, ingawa sikutaka kujibiwa.

"Ni mdogo wangu."

Alinisimulia palepale sakafuni, kwa sentensi fupi, bila kulia. Majira yale ya baridi ya mwaka themanini na tano, kwa amri ya serikali familia za Kituruki zilipangwa foleni kwenye ukumbi wa kijiji, kila mmoja akaingia na jina lake akatoka na jingine kwenye kikaratasi. Zarife alikuwa na miaka sita. Aliitwa Zoya. Siku ishirini baadaye alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akafa. Cheti kikaandikwa Zoya. Tangazo la lango likachapishwa Zoya, na mstari mweusi juu yake, wakati sisi sote tunajua Waislamu huwekewa wa kijani. Kibati cha kaburini kikaandikwa Zoya.

"Hakuwahi kuliitikia jina hilo hata mara moja," Nazmiye alisema. "Mama alimjaribu, kwa sababu ya shule. Zoya, njoo ule. Akabaki anacheza. Alidhani anaitwa mtoto mwingine."

Niliketi juu ya tairi la akiba.

"Baba alitaka jina lake liandikwe mahali fulani duniani. Popote. Kuliandika kaburini ni jela. Nyumbani walikuwa wanapekua. Genko ndiye aliyesema, chini ya bodi, nani atakwenda kutazama chini ya bodi ya lori la ushirika? Babu yako ndiye aliyepasha chuma moto. Miaka minne baba aliendesha, na jina liko mgongoni kwake. Kisha kile kiangazi cha themanini na tisa tukafukuzwa kwenda Uturuki."

Hapo ndipo nilipomsikia babu. Si kwa mzuka. Nilimkumbuka tu, kitandani, mikono yake iliyojaa makovu ya grisi juu ya blanketi. Fanya utakavyo, Rali, aliniambia. Ila mbao za bodi usizitupe. Na mimi nikatabasamu, kwa sababu babu hakuwahi kutupa hata msumari uliopinda. Nikamwambia sawa babu. Kwani nilizitupa? Sikuzitupa. Nilizichoma.

Mbona hakuniambia kwa nini? Sijui. Labda kuficha kulikuwa kumemwingia mpaka akasahau kwamba sasa mtu anaweza kusema.

"Macho ya baba yamekwisha karibu yote," Nazmiye alisema akijifuta vumbi. "Amekuja akitumaini bado zipo, azipapase kwa mkono. Sikiliza, mdogo wangu. Tutamwambia zilioza zenyewe. Mvua. Miaka thelathini. Ataamini."

Nilitaka kukubali. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Lakini nje mtu alipiga kelele.

"Mzee Hristo! Jamani, mzee Hristo yu hai!"

Ilikuwa sauti ya mjomba Mincho. Tulitoka mbio. Mincho alikuwa langoni, mfuko wa mbegu za alizeti mkononi, uso wote umefunguka kwa furaha, na mbele yake yule mzee alikuwa ameshuka garini, ameshika fimbo, ameinua kidevu kama wafanyavyo vipofu. Nazmiye aliganda kama aliyepigwa kofi.

"Nani huyo anayemwita marehemu?" mzee aliuliza. Kibulgaria chake kilikuwa cha polepole, chenye kutu, lakini kizima.

"Mimi, Mincho! Wa stoo ya vipuri! Nilikuwa nakupa mafuta ya breki!"

"Mincho. Yule wa kunipimia nusu kopo?"

"Uongo! Lilikuwa limejaa!"

"Lilikuwa limejaa maji." Mzee alicheka kidogo, kisha akaacha. "Hristo alibaki mpakani, Mincho. Walimsahau pale kwa watu wa forodha. Mimi ni Hilmi. Nilikuwa Hilmi hata uliponipimia nusu kopo."

Mbegu zilikuwa zinamwagika kutoka mfukoni mwa Mincho, moja moja, naye haoni. "Nisamehe," alisema hatimaye. "Nilianza kazi themanini na sita. Nilikuta jina hilo kwenye orodha. Sikuuliza."

"Najua. Orodha haikuwa yako." Mzee aligeuza uso upande wetu. "Na Genko yuko wapi? Mbona hatukani?"

Nazmiye alimweleza kwa Kituruki. Mzee alisikiliza, akatikisa kichwa mara nyingi, akaingiza mkono kwenye koti, akatoa soksi za sufu, nene, za kahawia, akabaki nazo mkononi kama mtu aliyebeba barua bila anwani. Kisha akasema, "Basi nipelekeni kwa lori."

Tulimwongoza gerejini. Aliligusa kwanza taa, kisha pua, kisha alishusha mkono kwenye madigadi akipita kila mkunjo, na mkono ulipofika karibu na ngazi ya dereva ulisimama, ukatafuta bonde dogo ambalo mimi nilikuwa nimelinyoosha kwa nyundo. "Hapa nilimgonga fahali," alisema. "Umemtoa fahali." Mincho alijaribu kucheka, ikashindikana.

Kisha mzee alikwenda nyuma, akainama, akapitisha mkono wazi chini ya bodi.

Nilimwona akiutambua ulaini wa mbao mpya. Kiganja kilikwenda, kikarudi, vidole vikajitandaza. Nazmiye alinikazia macho. Mvua, macho yake yalisema. Miaka thelathini.

"Nilizichoma, babu," nilisema. "Ni mimi. Mwezi wa kwanza. Niliona maandishi na sikujua ni jina la mtu. Babu Genko aliniambia nisizitupe na sikumwelewa."

Nazmiye alifumba macho. Mzee alibaki ameinama, mkono chini ya mbao, kwa muda mrefu sana, mpaka nikataka anipige kwa fimbo yake, ili jambo fulani litokee.

"Zilitoa joto?" aliuliza.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Babu?"

"Mbao. Zilipowaka. Zilitoa joto?"

"Zilitoa. Joto jingi."

Alitikisa kichwa. "Alikuwa anachukia baridi, yule mtoto," alisema, akautoa mkono wake taratibu, akanyooka kwa shida.

Nililia hapo. Sina namna nyingine ya kuliandika. Mincho alitoka nje, nikamsikia akipenga kamasi nyuma ya banda la kuku.

Mzee aliponiita ilikuwa kwa sauti ya mtu mwenye ombi, na hilo ndilo lililonishtua kuliko hasira ambayo ningeipokea. Alisema siku ile ya mazishi theluji ilifika magotini, watu wasingeweza kubeba jeneza hadi kilimani, na lori hilihili ndilo lililompandisha Zarife. Tangu siku hiyo hakupanda tena kilima kile. Kesho saa nne lazima waanze safari ya kurudi, keshokutwa asubuhi ana miadi na daktari wa macho. "Linatembea?" aliuliza. "Hata polepole? Ningependa kupanda kwa lilelile."

"Kesho saa mbili asubuhi," nilisema. "Nitakupeleka."

Mincho alikuwa amerudi mlangoni. "Njoo kidogo, bi mhandisi," alisema, akanivuta hadi kwenye pipa. "Una akili? Rangi ina siku mbili! Bado laini kama siagi. Ile njia ya makaburi haijafyekwa tangu enzi za ushirika, ni miiba mitupu pande zote. Itakuchuna kama kuku! Na keshokutwa kamati."

"Najua, mjomba."

"Rangi ya Genko! Utaipata wapi nyingine?"

"Sitaipata."

"Basi mpeleke na gari la binti yake. Mzee haoni, atajua nini?"

"Hilo halipandi kilima kile, mjomba. Na atajua."

Mzee Hilmi, ambaye macho yalikuwa yamekwisha lakini masikio hapana, alisema kutoka kwenye bampa: "Kama kuna tatizo, mwanangu, acha. Nimeshaligusa. Yatosha."

"Hakuna tatizo, babu. Saa mbili."

Asubuhi ilikuwa na ukungu mwembamba. Niliingiza hendeli ya chuma chini ya pua ya lori, nikazungusha mara moja, mara mbili, na mara ya tatu likakohoa, likakubali. Nazmiye alimpandisha baba yake upande wa abiria, yeye akapanda nyuma, akasimama juu ya mbao zangu mpya akishika ukingo. Nilikuwa nimevaa zile soksi za sufu zilizoletwa kwa babu Genko. Mzee alinilazimisha; alisema hakuzibeba kilomita zote hizo ili azirudishe.

Nyuma ya bustani, njia inapoanzia, tulimkuta Mincho. Alikuwa na panga la kufyekea na jasho mpaka kiunoni, na hatua kama mia hivi za njia zilikuwa safi mbele yetu.

"Nilianza saa kumi na moja," alisema akihema. "Nilidhani nitafika mbali zaidi. Mzee Hilmi! Habari ya asubuhi!"

"Nzuri, Mincho. Leo umelijaza kopo."

Hatua mia zilikwisha upesi. Baada ya hapo ilikuwa miwaridi mwitu na michongoma, imefunga njia kutoka pande zote mbili, na hapakuwa na pa kukwepa. Niliingiza gia ya kwanza. Mwiba wa kwanza ulipita kwenye madigadi, kisha mlango wa kushoto, sauti nyembamba ya kucha juu ya sahani, ikaenda hadi mwisho wa bodi. Kisha mwingine. Kisha yote. Kupitia dirishani niliona kijani cha babu kikiinuka na kujikunja kama ganda la tunda, nikakitazama kikianguka njiani. Kila mita mia nilijiambia, hapa bado ningeweza kurudi nyuma, na kila mara sikurudi.

"Nini hicho kinacholia?" mzee aliuliza.

"Miiba, babu."

Alikuwa dereva miaka ishirini na moja. Aliweka kiganja chake juu ya dashibodi, pale pale babu alipolinganishia rangi, akakiacha hapo njia nzima.

Kilimani palikuwa na ukuta wa mawe uliobomoka nusu na lango lisilo na mlango. Nilizima injini. Nikashuka, nikazunguka kumfungulia, na nilipopita sikujizuia kutazama: upande mzima wa kushoto ulikuwa umechanwa hadi kwenye rangi ya kwanza ya kijivu, na sehemu nyingine hadi kwenye chuma. Kamati haikuwa na haja ya kuja.

"Tumefika, babu. Shuka taratibu, kuna jiwe."

Alishika bega langu, akashuka. Mkono wake mwingine ulipita juu ya mlango, ukakutana na mikwaruzo, ukasimama.

"Mwanangu," alisema. "Nimekuharibia."

"Nilisema nitakuleta," nilimjibu. "Shika vizuri."

Nazmiye alitangulia kati ya mawe, akihesabu kwa sauti ya chini, akasimama mbele ya kibati kilicholiwa na kutu chote, hakina tena hata herufi moja ya jina lile. Tulimfikisha mzee pale. Aliachia bega langu, akainua kidevu, akaita: "Zarife!" Aliita kwa sauti kubwa, jinsi unavyomwita mtoto anayecheza nje aingie ndani kula.